Barua kwa mwanangu: sketi ndefu, tiketi ileile

Marahaba mama angu Rehema,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaona hapana, hii inataka barua. Unauliza eti mimi niliyekaa Nagoya miaka yote ile, nikiwapima AKB48 wa enzi zangu na hao Nogizaka46 wako, yote makundi ya mabinti waimbaji wa Japani, nani anawavalisha na kuwauza mabinti kwa heshima zaidi. Na unauliza kwa nini niliacha kuwafuatilia ghafla hivo. Nitakujibu yote mawili ila usinikatize.

AKB48 walianza Desemba 2005, Yasushi Akimoto, prodyuza wao, aliwaweka kwenye kaukumbi kadogo pale Akihabara, Tokyo, na siku ya kwanza waliolipa kiingilio walikuwa watu saba. Saba! Wazo lake lilikuwa staa asiwe wa kwenye TV tu, awe wa kwenda kumuona wewe mwenyewe, kavaa sketi fupi ya drafti kama binti wa jirani anatoka tuisheni. Afu biashara yenyewe sasa, ndani ya CD walikuwa wanaweka tiketi ya kwenda kumshika mkono.

Pale yadi tulipokuwa tunapakia magari kulikuwa na jamaa mmoja wa makamo, mpole sana, shabiki wa SKE48, hao ni wadogo zao AKB walioanzishwa hapohapo Nagoya 2008, ukumbi wao upo Sakae kwenye lile jengo lenye gurudumu kubwa la bembea ukutani. Huyu bwana ukisikia kanunua CD usidhani moja, katoni. Siku moja nikaenda naye, tukapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi, kafika mbele, kashika mkono wa yule binti, kasema maneno mawili matatu, kijana wa nyuma kamsukuma begani aondoke. Hao vijana wanaitwa hagashi, yaani wabanduaji, kama unavyobandua stika. Sekunde chache tu, na jamaa alirudi kwenye treni anang'aa uso kama kaposa.

Zile CD zilizobaki hakuwa na kazi nazo, akawa ananipa, na mimi nazichomeka kwenye milango ya magari yanayokuja Dar. Kwa hiyo kama kuna mtu alinunua Vitz akakuta mabinti wanaimba Kijapani ndani, ni mimi.

Tiketi za kura nazo zilikuwa humohumo kwenye CD. Kuanzia 2009 kila mwaka walikuwa wanafanya uchaguzi, mwenye kura nyingi ndo anasimama katikati jukwaani, kwa hiyo mwenye hela alikuwa anapiga kura mia na wewe unapiga moja. Wa mwisho ulikuwa 2018, palepale Nagoya Dome, akashinda Jurina Matsui wa SKE kwa kura 194,453, nami nilishakuwa nimerudi nyumbani ila jamaa alinitumia picha analia.

Sasa hao wako. Nogizaka walitangazwa 2011 kama wapinzani rasmi wa AKB, na cha kuchekesha anayewaongoza ni Akimoto huyohuyo, ni kama mtu kufungua duka la pili mtaa wa pili afu anajishindanisha. Wakawashushia sketi mpaka magotini, rangi zimetulia, wakawapeleka kwenye majarida ya kina dada, Mai Shiraishi akawa modeli wa Ray, Nanase Nishino wa non-no, ndo maana mabinti kama wewe mkajaa. Lilikuwa wazo zuri, siwezi kubisha. Mashabiki wa AKB pale yadi walikuwa wanasema Nogizaka wanajidai watoto wa geti kali, wa Nogizaka wanasema AKB ni vichupi tu kwenye majarida ya wanaume, kelele mpaka chai inapoa. Ila mwanangu, Nogizaka nao walikuwa wanauza mkono! Corona ilipokuja wakahamia kuongea kwa simu ya video, bado kwa sekunde, bado kwa kununua CD.

Keyakizaka46, wadogo zao Nogizaka waliotoka 2016 nikiwa nimeshaacha kufuatilia, ndo kidogo walinichanganya, hawachekicheki, wamevaa kama kombati, yule Yurina Hirate kasimama katikati ana miaka 14 na macho makali. Nikasema hapa kuna kitu. Oktoba haijaisha 2016 wakavalishwa nguo zinazofanana na za Wanazi, Sony, kampuni ya muziki wao, wakaomba radhi. Walioomba radhi ni wakubwa lakini picha zilizozunguka dunia nzima ni za watoto, na wao hawakujichagulia nguo.

Nilivyoacha ni hivi. Januari 2013 Minami Minegishi wa AKB, binti wa miaka 20, jarida lilimpiga picha anatoka kwa mwanaume asubuhi. Akanyoa kichwa, akakaa mbele ya kamera analia anaomba msamaha, na wakamshusha cheo mpaka kuwa mwanafunzi wa kundi, kama anayeanza. Tuliangalia ile video kwenye simu ya jamaa wakati wa chakula. Nikamuuliza kosa lake nini, akaniambia taratibu kabisa, sisi tumenunua.

Hapo wewe ulikuwa darasa la tano, Rehema.

Kwa hiyo ukiniuliza sketi ipi ina heshima mimi naona urefu wa sketi sio wenyewe. Wanachouza ni ule ukaribu, na ukaribu wa kuuza unataka binti asiwe na mtu mwingine, ndo maana hata aliyevaa mpaka kwenye kifundo akipendwa kweli inakuwa skendo. Hiyo ndo siipendi. Nyimbo sina tatizo nazo, hata sauti zao sina tatizo nazo, mama yako shahidi bado naimba bafuni.

Ile CD moja ya SKE niliyobaki nayo ipo kwenye droo ya chini, chini ya pasipoti za zamani. Ukija Desemba ichukue, tiketi yake niliitoa nikampa jamaa.

Baba yako