Ukurasa mweupe baada ya kupandisha Ubuntu

Pole sana kaka. Umesema seva ya duka lenu Kariakoo ilikuwa na Ubuntu (mfumo endeshi wake) toleo la 18.04, umeipandisha hadi 22.04, na sasa mfumo wa stoo unatoa ukurasa mweupe mtupu. Ninachoshuku mimi ni PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa mfumo huo. Ile 18.04 ilikuja na PHP 7.2, hii 22.04 inakuja na 8.1, na hapo katikati, kwenye 8.0, vitu kama each() na create_function() viliondolewa kabisa. Mfumo wa zamani ukiviita, unakufa palepale. Fungua /var/log/apache2/error.log, faili ambamo seva huandika makosa, usome mistari ya mwisho. Mara nyingi inataja faili na mstari wenye kosa.

Tafadhali usijaribu kurudisha MySQL, hifadhidata ya mfumo, kwenye toleo la zamani. Ulikuwa na 5.7, sasa una 8.0, na data zikishahamia 8.0 hazisomeki tena na 5.7. Ile bakapu uliyotoa kabla ya kupandisha itunze sana, na nakala moja isikae dukani.

Najua wateja hawasubiri. Wauzaji waandike kwenye daftari siku mbili hizi, wewe ujaribu marekebisho kwenye kompyuta nyingine kwanza. Ukikwama nitumie hiyo mistari ya error.log, ila futa nywila.