Nyota Nne, Lakini za Nani? Jinsi ya Kusoma Alama za Filamu za Kihindi

Bango la filamu ya Kihindi hutoka limejaa nyota: nne hapa, nne na nusu pale, na chini yake majina ya tovuti kwa herufi ndogo. Usizitegemee kabla hujajua aliyezitoa alikuwa anapima nini.

Mumbai kuna watu wa aina mbili wanaochanganywa kila siku. Kuna wahakiki, kama Shubhra Gupta wa gazeti la The Indian Express na Anupama Chopra, wanaotazama hadithi, uongozaji na uigizaji. Halafu kuna wachambuzi wa biashara, kama Taran Adarsh na Komal Nahta, ambao swali lao kubwa ni kama filamu italipa. "Superhit" na "flop" ni maneno ya hao wa pili, na ubora haumo humo. Andaz Apna Apna (1994) ilisuasua sokoni, lakini mpaka leo watu wanakariri mazungumzo yake. Kabir Singh (2019) ilishambuliwa na wahakiki wengi kwa jinsi mwanamke anavyotendewa ndani yake, na bado ikawa kati ya filamu zilizovuna fedha nyingi zaidi mwaka ule.

Namba za mapato nazo zisomwe kwa uangalifu. Crore moja ni rupia milioni 10, hivyo crore 100 ni rupia bilioni 1. Angalia kama ni kabla au baada ya kodi, na kama ni India peke yake au dunia nzima. Matangazo hupenda kuchukua ile kubwa kuliko zote: dunia nzima, kabla ya kodi.

IMDb, tovuti ambayo watazamaji huipa filamu alama 1 hadi 10, ndiko wengi wanakokimbilia, na ndiko wanakopotoshwa zaidi. Gunday (2014) ilifunguliwa kwa maelezo yaliyoifanya Bangladesh ionekane kama zao la vita vya India na Pakistan vya 1971, mapambano ya Wabangladeshi wenyewe yakaachwa kando. Watu wakahamasishana mtandaoni, na alama ikaporomoka hadi kuwa miongoni mwa za chini kabisa katika tovuti nzima. Mwaka 2020, baada ya kifo cha mwigizaji Sushant Singh Rajput, Sadak 2, filamu ya familia ya Bhatt, ilizikwa kwa kura za 1 na watu waliokasirikia familia kubwa za sinema, huku Dil Bechara, filamu yake ya mwisho, ikipandishwa karibu na 10. Kura zile zilipima hasira na majonzi.

Dawa yake ni kubonyeza ile alama na kufungua mchoro wa kura. Filamu iliyopigiwa kura kwa utulivu huwa na nundu moja, mara nyingi kati ya 6 na 8. Ukiona milima miwili, mmoja kwenye 1 na mwingine kwenye 10, katikati bonde, achana na wastani. Tazama zile kura za katikati zimeelemea wapi. Na usiamini alama ya wikiendi ya kwanza, kwa sababu wanaowahi kupiga kura ni mashabiki wa stelingi na mahasimu wao. Subiri wiki mbili au tatu.

Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ina mtego mwingine. Asilimia yake inaonyesha wahakiki wangapi waliipenda filamu, haionyeshi waliipenda kiasi gani. Asilimia 90 inaweza kuwa watu tisa kati ya kumi waliosema "si mbaya". Kisha hesabu idadi ya wahakiki: wakiwa 8, mmoja tu akigeuka anasogeza alama kwa pointi 12.5. Filamu nyingi za Kihindi hupata wahakiki wachache huko.

U, UA na A ni vibali vya umri kutoka bodi ya ukaguzi ya India, havihusiani na uzuri wa filamu.

Njia inayofaa kuliko zote ni kujichagulia wahakiki wawili. Chukua filamu sita ulizokwisha kuziona, za mapigano, mapenzi, vichekesho na maisha ya watu halisi, usome walichoandika. Anayekubaliana nawe kwenye nne anakufaa. Anayekupinga zote sita anakufaa vilevile: akiponda, nenda ukatazame. Soma hasa wanachosema kuhusu sehemu ya baada ya mapumziko, maana filamu nyingi za saa mbili na nusu huvunjika hapo.

Zamani wahakiki kutoonyeshwa filamu mapema ilikuwa dalili mbaya. Sasa dalili hiyo imepungua nguvu: Oktoba 2024 Dharma Productions, kampuni kubwa ya filamu ya Mumbai, ilitangaza kuacha maonyesho ya awali kwa waandishi.

Na kama unatazama nakala iliyotafsiriwa na dijei, lawama za wahakiki juu ya mazungumzo hazikuhusu sana, maana maneno unayosikia ni ya dijei. Zingatia waliyosema kuhusu picha, mapigano na mwendo wa hadithi.