Njiwa wa Skinner na sala zetu

Asalaam alaykum mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umeniuliza kama wale njiwa wa Skinner, yule mwanasaikolojia wa Kimarekani, unaowasoma huko chuo kikuu walikuwa wanazunguka tu wakidhani ndo kunakoleta chakula, basi sie tunaosali tuna tofauti gani nao. Sijakasirika hata kidogo, bora umeniuliza mie.

Basi nkatafuta nkasoma. Kumbe ni mwaka 1948, njiwa wana njaa, chakula kinakuja kwa saa zake, afanye lolote asifanye, na wengi wakashika kila mmoja lake, huyu anazunguka, yule anarusha kichwa. Hapo nakubali kabisa, mana hapa Wete mtoto akipata homa huvishwa hirizi, homa ikiondoka kwa wakati wake basi sifa zote za hirizi, na mdogo wake naye atavishwa. Huo ndo unjiwa, na masheha wangapi na masheikh wangapi wamelisema hilo watu hawasikii.

Ila bibi yako umemuona mwenyewe. Magoti hayakunji tena, anasalia kwenye kiti, akitaka kuinuka anaushika ukuta kwa kiganja hasa pale rangi ilipokwisha kwa kushikwa. Yule kawazika wajomba zako wawili, aliwaombea uzima usiku kucha na hakupewa, na alfajiri kasali vilevile. Najua utasema tabia inayolipwa mara mojamoja haifi upesi, na kwamba njiwa mmoja alirudia kituko chake zaidi ya mara 10,000 chakula kishakatwa. Sawa, lakini mwisho aliacha, na alichokuwa anataka ni punje. Bibi saa hizi haombi kitu, msikilize vizuri, anashukuru tu.

Na kwamba ulizoeshwa udogoni, ni kweli, mwalimu wa chuoni alikuwa anakupa tende ukihifadhi sura, na tende nnazipeleka mie. Lakini tebo nazo skuli si ulizishika kwa bakora, na saba mara nane bado ni 56? Kilivyoingia kichwani ni jambo moja, kuwa kweli ni jambo jengine. Skinner alipima mwendo wa njiwa, na alipima vizuri, ila kama yupo anaesikia dua hilo hakulipima.

Sasa na mie nakuuliza. Ni somo ndo limekutia shaka, au kuna kitu uliomba ukakosa? Mana kama ni hilo la pili tuache kabisa habari za njiwa, nipigie leo baada ya isha, ntakuwa macho.