Pesa imeisha, sauti bado: tulipofika na filamu yetu ya kutisha

Kila wiki lazima nikutane na mtu wa kuniuliza, "Ile filamu mbona haitoki?" Namjibu ipo jikoni. Tulipiga picha usiku 11 kule Kiwangwa, Bagamoyo, na huu ni mwezi wa saba nimekaa mbele ya laptopu. Picha tumeshazifunga kwenye dakika 71, hazikatwi tena. Sauti ipo nusu. Rangi hata hatujaigusa. Kwa hiyo usinichukulie kama mtu aliyemaliza, mimi bado nauonja mchuzi na ulimi nimeshaunguza.

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyonitia aibu. Tulikuwa na milioni nne na nusu. Siku ya mwisho ya kupiga picha nilibaki na 180,000, nikawanunulia vijana chipsi kuku nikijua kazi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza! Ningerudi nyuma, theluthi ya pesa ningempa mama anifungie kwenye kanga, asinipe hata nikilia, mpaka kamera irudi kwa mwenyewe.

Halafu nakala za picha tulizopiga. Nilikuwa na diski moja tu ya nje. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kunakili, diski ikagoma kufunguka. Usiku wa nne wote, ule wa kisimani, ukapotea. Bahati yangu mpiga picha wangu ni mvivu, alikuwa hajafuta kadi. Siku hizi nakala ziko tatu: kwangu, kwa mpiga picha, na kwa dada yangu, kabatini chini ya vitenge vyake. Na kama laptopu yako inakoroma kama yangu, usihangaike na mafaili mazito. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri filamu, hata ile ya bure, inakutengenezea nakala nyepesi za kuhariria, halafu wakati wa kutoa filamu inarudi kwenye mafaili halisi.

Mkato wa kwanza wa filamu niliwaonyesha majirani sita sebuleni kwangu. Mimi nilikaa pembeni ya televisheni, nikiwatazama wao. Jini wetu alipotokeza mlangoni, mama mmoja akacheka. "Huyo si amevaa shuka la kitanda?" Alikuwa sahihi, lilikuwa shuka la kitanda. Nilikuwa nimemwacha jini anaonekana sekunde nne nzima, muda wa kutosha mtu kuhesabu maua ya shuka. Nikampunguza hadi fremu 14, na kwa kuwa tulipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Nilipoonyesha tena, yule mama hakucheka, aliuliza, "Kimepita nini pale?" Kama mavazi yako ni ya bei rahisi kama yetu, mkasi ndio utakaokuficha.

Sasa sauti. Hapa ndipo nimekaa miezi mitatu na sijuti. Kosa langu kubwa ni kwamba sikurekodi ukimya. Unaweza kucheka, lakini nyumba iliyonyamaza haikosi sauti: kuna nyenje, bati linalopoa usiku, friji ya jirani. Ukikata mazungumzo ukaacha utupu mtupu, mtazamaji haogopi, anadhani spika imekufa. Ilibidi nipande gari kurudi Kiwangwa kwenda kurekodi nyumba ikiwa haina mtu. Wewe kabla hamjafungasha vifaa, waambie wote wanyamaze dakika moja, maiki iwake, kila chumba.

Usiku huohuo wa kurudi, komba wakaanza kulia mwembeni. Aliyelala pwani anakijua kile kilio, kama mtoto mchanga aliyeachwa porini. Nilikuwa nimeshahangaika wiki mbili na sauti za majini za kupakua mtandaoni, zote zinafanana na sinema za watu. Komba mmoja, nikamshusha mwendo kidogo, akawa ndiye jini wetu. Kucha zinazokwaruza mlango ni mbuzi ya nazi na kifuu kikavu. Shingo inayovunjika ni muhogo mkavu ndani ya kanga iliyolowa, ukiupinda karibu kabisa na maiki. Gharama yote haikufika 3,000, na muhogo nilioubakiza nilichoma.

Nilipojiona fundi, nikaisikiliza filamu kwa simu. Kuna tukio tuliloliwekea mngurumo mzito, kwenye hedifoni kifua kinatetemeka. Kwenye simu, kimya! Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi ya chini namna ile, kwa hiyo muigizaji wangu alikuwa anakimbia bila kufukuzwa na kitu. Nikaongeza juu ya ule mngurumo sauti ya bati linalokunwa. Watazamaji wetu wengi wako kwenye simu, sikiliza huko kabla hujajipongeza.

Maandishi ya mwanzo na mwisho nayo yasome herufi kwa herufi. Filamu ya kutisha ya Marekani, Night of the Living Dead ya 1968, ilibadilishiwa jina kabla ya kutoka. Kadi mpya ya jina ikawekwa bila tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu. Kama unatengeneza Tanzania, weka pia muda wa kuipeleka Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla hujatangaza tarehe. Mimi nilitangaza kwanza, ndiyo maana naulizwa kila wiki.

Kwenye sauti, linalonisumbua sasa ni tukio la kisimani, sekunde 40. Kamba ya ndoo tuliyorekodi inateleza kama hariri, haina roho. Shangazi anasema kwake ipo ya katani, kuukuu, inalia kila ikipita kwenye gogo. Jumamosi naenda na maiki, na ameshaniambia nitamjazia mapipa mawili kwanza.