Kabla ya Kurusha Picha za Maiti: Kwa Mhariri Anayeanza Zamu

Hutakaa muda mrefu katika chumba cha habari cha televisheni kabla hujaletewa picha za ajali au shambulio, na swali la kwanza utakaloulizwa ni iwapo zitawahi taarifa ya saa moja usiku. Usilijibu kabla hujazitazama zote bila sauti, kisha ukaisikiliza sauti peke yake, kwa maana kilio cha mtu anayekata roho huweza kupita hewani chini ya picha isiyo na damu hata tone.

Wengi wanaoanza hudhani kwamba wakishauziba uso kwa ukungu, kazi imekwisha. Nami nilidhani hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipitisha picha ya mwili uliofunikwa shuka, miguu ikiwa nje, na kabla taarifa haijaisha akapiga simu mwanamke aliyevitambua viatu vya kaka yake. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Tangu siku hiyo, kabla ya kutafuta damu natafuta viatu, kanga, sare ya shule na namba ya gari.

Kanuni za maadili zilizowekwa katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zilitaka picha za miili iliyoharibika na matukio ya damu ziepukwe, isipokuwa zinapotumikia maslahi ya umma. Ugumu wote umo katika hilo "isipokuwa", na mkuu wako atalitumia kila anapotaka watazamaji. Mwaka 1984, Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alionyesha maiti za Korem, Ethiopia, zikiwa zimeviringishwa nguo, na njaa iliyokuwa imepuuzwa ikavuta misaada kutoka pande nyingi za dunia. Lakini Januari 2019, shambulio la kigaidi katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi lililoua watu 21 likiwa bado linaendelea, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya waliouawa wakiwa mezani, na Wakenya wakauliza kama lingewaonyesha Wamarekani hivyo. Picha ile haikueleza lolote ambalo sentensi moja isingelieleza.

Kumbuka pia kwamba nchini Kenya saa za kuwalinda watoto huanza saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, kwa hiyo taarifa zako kuu zote zimo ndani yake. Onyo la msomaji wa habari litaje kitakachoonekana, na litolewe mapema kiasi cha mzazi kuweza kunyanyuka na kubadili chaneli.

Mwisho wa zamu, andika kwenye rekodi ya maktaba ni sehemu zipi zisirushwe tena na kwa nini. Mwakani, siku ya kumbukumbu ya tukio, atakayezifungua hatakuwa wewe, naye atakuwa na dakika kumi tu.