Wazee wakija Iringa msimu wa baridi, watoeni nje

Kuanzia Juni hadi Agosti nyumba nyingi za Iringa hupokea wageni kutoka Pwani. Kwetu huja mama mkwe wangu kutoka Tanga, mara nyingi akifuatana na dada yake, ambaye sote tunamwita mama mkubwa. Ninawapenda wote wawili, na ninajua jinsi siku za mzee mgeni zinavyoweza kuharibika hapa: anajifunika vitenge viwili, anakaa sebuleni akitazama televisheni, na akiulizwa anasema yuko salama tu. Hayuko salama. Anachoka, viungo vinakakamaa, anaanza kuulizia tiketi ya kurudi.

Ushauri wangu ni mmoja. Mzee asitembezwe, apelekwe mahali pa kukaa. Pawe na jua, pawe na watu, na pawe na jambo la kuzungumzia. Mkipata hayo matatu, hata kilometa mbili kutoka nyumbani zinatosha.

Saa ndiyo ya kwanza kupangwa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na saa mbili asubuhi ya Julai si saa ya kumtoa mtu wa Tanga kitandani. Tokeni saa nne, jua likishapanda, na saa kumi muwe mmesharudi, kwa sababu jua likianza kuinama upepo hubadilika ghafla. Bajaji ni nzuri kwetu sisi, ila kwa mzee upepo wa pembeni unamwingia mwilini. Kodini teksi, muweke blanketi kiti cha nyuma, na soksi za akiba.

Halafu choo. Watu wanaona aibu kulisema, lakini hili ndilo linalowafanya wazee wengi wakatae kutoka. Baridi yenyewe huongeza haja ndogo, na baadhi ya dawa za presha huongeza zaidi. Kabla ya kwenda popote mimi hupiga simu au hupita mwenyewe kuuliza kama kuna choo, na kama ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana magoti ya mama mkubwa hayakunji tena. Nikishajua, namwambia mapema kimyakimya, na uso wake hubadilika. Mzee asiache kidonge kwa ajili ya safari. Kama saa ya kumeza inasumbua, muulizeni daktari wake kabla hajapanda basi kuja huku.

Soko kuu la mjini ni pazuri kuliko watu wanavyodhani. Sisi tunaliona ni mahali pa kununua nyanya tu, ila mgeni anaona njegere mbichi, maharage ya kila rangi, parachichi, na vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu, vinavyosukwa na akina mama wa huku. Mama mkwe amesuka mikeka tangu utotoni, kwa hiyo akishika kikapu hukigeuza kwanza atazame kitako. Muuzaji akimsalimia "Kamwene, bibi" na kumsogezea kigoda, basi mazungumzo ya ukili na milulu yanaweza kula saa nzima. Msimharakishe. Hiyo ndiyo safari yenyewe.

Siku nyingine nendeni Kalenga, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini. Ndipo palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambaye mwaka 1891 jeshi lake liliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Fuvu la kichwa chake lilichukuliwa, likarudishwa kutoka Bremen, Ujerumani, mwaka 1954, na sasa limo kwenye makumbusho hapo. Mjukuu wake aliyelipokea ni Adam Sapi Mkwawa, na hapo ndipo wazee wetu hushtuka, kwa kuwa jina hilo walilisikia redioni kwa miaka mingi akiwa Spika wa Bunge. Kijana anasikia historia, wao wanasikia mtu wanayemjua. Mama mkwe alimweleza mtembezaji mambo ya Bunge la zamani hadi wageni wengine wakakusanyika kusikiliza. Waulizeni mapema kama wako tayari kuona fuvu. Mama mkubwa hakupenda, tukamwekea kiti nje juani, na hakuna aliyemlazimisha.

Isimila, yapata kilometa 20 kwa barabara ya Mbeya, inafaa nusu. Zana za mawe za watu wa kale na makumbusho madogo ni za wote. Kushuka bondeni kwenye nguzo za udongo waachieni wajukuu. Mwamba wa Gangilonga nao wautazame kutoka chini.

Siku ya mawingu, wakati hata saa sita hakuna jua, mimi huwapeleka Neema Crafts. Kuna chai na keki, na kazi za mikono zinafanywa na watu wenye ulemavu, wahudumu wengi wakiwa viziwi. Mama mkubwa, ambaye masikio yake yamepungua, alifurahi kuwa mahali ambapo mtu asiyesikia vizuri hasumbui wengine.

Mkirudi jioni, jiko la mkaa liwake nje mpaka mkaa ushike vizuri, na likiingizwa ndani dirisha libaki wazi. Kulala nalo chumbani ni marufuku kabisa, hata mzee akiomba. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Mpeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo aiweke miguuni.

Pumzisheni siku moja kati ya safari na safari. Na siku ya kuondoka, msimkatie basi la alfajiri. Kusubiri stendi ya Igumbilo gizani na upepo ule kunamrudisha Tanga na kikohozi. Ulizieni basi linalotoka kumepambazuka, mchukue kiti cha mbele, na vile vikapu vyake vya milulu viwekwe juu ya mizigo mingine visipondwe.