Nyumba ya Mapinga sio pensheni

Kila Jumapili asubuhi nikitoka shifti ya usiku nakuta picha ya WhatsApp kutoka kwa binamu yangu anayenisimamia nyumba ninayojenga Mapinga, Bagamoyo, na kwa miaka kama sita hivi picha ilikuwa ileile, ukuta wa tofali, nyasi zimefika kiunoni, na mbuzi wa jirani kasimama juu ya msingi wa sebule yangu. Maelezo nayo yaleyale, "kaka tumefika kwenye lenta, bado nondo tu". Nondo gani haziishi kununuliwa, sijui, maana kwa hela niliyotuma ya nondo peke yake ningejenga daraja la kwenda Zanzibar.

Mi nilikuja Uingereza 2009. Nimebeba boksi kwenye maghala ya Reading, baadae nikaingia kea, kulea wazee, na mpaka leo ndo kazi inayonilisha. Sijasomea uchumi na simuuzii mtu kitu, ninayoyaandika hapa yamenitoka mfukoni, na nawaandikia hasa nyie mliokuja miaka hii ya karibuni kwa viza ya kea, kwa sababu nawasikia kwenye magrupu mnaongea maneno yaleyale niliyoongea mimi 2014.

2014 ilikuwaje. Kazini ikaja barua kwamba kuanzia sasa sisi wafanyakazi tunaingizwa kwenye pensheni ya kazini, sheria ilishaanza 2012 ila ilikuwa inawafikia waajiri kidogo kidogo, na kwamba nitakatwa. Makato yenyewe yalikuwa kama paundi 7 kwa mwezi kwa mshahara wangu wa wakati ule. Paundi saba! Nikaenda kujitoa ndani ya mwezi mmoja ili nirudishiwe nilichokatwa, na nikajiona mjanja kweli, kwamba hiyo hela ya wazungu mtu anakufa hajaiona, mi mwenyewe narudi nyumbani zangu, bora niitume Mapinga ikanunue hata mfuko wa simenti. Sasa utaratibu wao ni kwamba kila baada ya miaka kama mitatu mwajiri anakurudisha mwenyewe, labda umepata akili. 2017 wakanirudisha, nikajitoa. 2020 wakanirudisha, nikajitoa tena. Akili haikuwa imekuja bado.

Ilikuja 2021 nilipobadilisha kazi, nikakutana na mama mmoja wa ofisini pale, akachukua kalamu akaniandikia nyuma ya bahasha. Mshahara wa paundi 22,000 kwa mwaka, wanahesabu kuanzia ile inayozidi 6,240, kwa hiyo inabaki 15,760. Kinachoingia kwenye pensheni yako kwa kiwango cha chini ni asilimia 8 ya hiyo, sawa na paundi 1,260 kwa mwaka. Ila katika hiyo 8, inayotoka mfukoni kwako kweli kweli ni 4, yaani paundi 630. Asilimia 3 anaweka mwajiri na 1 ni kodi ambayo serikali ingekukata inaingia humo humo. Nikamuuliza mara tatu, yaani natoa 630 inakuwa 1,260 siku hiyohiyo, kabla hata haijawekezwa popote? Akasema ndio. Jamani, ni upatu gani wa mjini unakupa hivyo? Na ukijitoa, ile ya mwajiri haikufuati kwenye mshahara, anabaki nayo yeye. Kwa hiyo miaka saba mi nilikuwa namzawadia bosi.

Na hela hiyo ni yako hata ukiondoka nchi, hata viza ikiisha ukafungasha. Inabaki inakua, ila huigusi mpaka ufike miaka 55, na kuanzia 6 Aprili 2028 itakuwa 57. Ukifika unaruhusiwa kuchukua robo bila kodi. Akitokea mtu kwenye grupu anasema anaweza kukutolea mapema kwa kamisheni ndogo, mkimbieni, huyo ni tapeli, na ukikubali serikali yenyewe inaweza kukulima kodi mpaka asilimia 55 ya ulichotoa. Nimeshaona mtu analia.

Hiyo ni ya kazini. Kuna nyingine ya serikali, inatokana na yale makato ya National Insurance, bima ya jamii ya huku, mnayoyaona kila mwezi mnasonya. Hii ina mtego mmoja ambao kila Mtanzania aliyeko huku anatakiwa aujue kwa moyo kama namba yake ya simu, ni miaka 10. Ukiwa na miaka 10 ya makato unapata kitu, ukiwa na 9 hupati hata senti. Pensheni kamili inataka miaka 35, kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa paundi 230.25 kwa wiki, kwa hiyo mwenye 10 anapata kama paundi 65 na kitu kwa wiki. Kuna jamaa yangu mmoja, fundi mzuri tu wa magari, alirudi Bongo na miaka yake 8, kachoka na baridi, hakuna aliyemwambia kwamba avumilie mingine miwili. Ningejua ningemfungia mlango.

Ingia tovuti ya serikali ya GOV.UK uangalie rekodi yako, inaonyesha mwaka kwa mwaka. Mi nilikuta mapengo mawili, ile miaka ya mwanzo ya vibarua vya hapa na pale. Kulikuwa na dirisha la kujaza mapengo ya nyuma mpaka 2006, likafungwa 5 Aprili 2025, sasa hivi kwa kawaida unajaza ya miaka 6 iliyopita tu. Bei ya kujaza mwaka mmoja ilikuwa kama paundi 923 kwa 2025/26, nyingi, najua, lakini mwaka mmoja unakuongezea kama paundi 340 kila mwaka maisha yako yote ya uzeeni, ukiishi miaka mitatu tu baada ya kustaafu umesharudisha. Kwa walioko nje ya Uingereza mlango umebanwa kuanzia Aprili 2026, ile njia ya bei rahisi waliyokuwa wanailipia toka Dar au Nairobi imefutwa, na iliyobaki inataka uwe umeishi au umechangia huku miaka 10. Kwa hiyo mambo ya "nitashughulikia nikishafika nyumbani" yaacheni.

Halafu kuna hili ambalo liliniuma. Kazini kuna mama wa Kijamaika, sisi wote tunamwita Auntie, anastaafu anarudi kwao. Tunapiga mahesabu pamoja jikoni, ananiambia pensheni yake itakuwa inapanda kila mwaka kama ya walioko hapa. Nikaangalia ya kwangu. Jamaika wana mkataba na Uingereza, Tanzania hatuna, Kenya pia hawana, kwa hiyo ukihamia nyumbani pensheni yako ya serikali inagandishwa pale pale ilipokuwa siku unaondoka au siku unaanza kulipwa. Mtu aliyestaafu 2016 akahamia Tanga na pensheni kamili anapokea paundi 155.65 kwa wiki mpaka leo, mwenzake aliyebaki Luton alishafika 230 mwaka wa 2025/26. Umri wa kuanza kulipwa pensheni hiyo ni 66 na unaelekea 67. Sisemi msirudi, mi narudi, Tanga ndo kwetu, nasema mpige hesabu zenu mkijua ile hela haitapanda, wakati bei ya unga inapanda.

Kwa hiyo na nyumbani lazima kuwe na kitu kinachozaa. Na hapa ndo nagombana na watu, kwa sababu sisi tukisema kuwekeza nyumbani tunamaanisha kiwanja na tofali. Nyumba ambayo huishi na haina mpangaji ni matumizi, ina mlinzi wa kulipa, ina nyasi, ina mbuzi. Milioni zangu za Mapinga zililala pale miaka sita bila kunipa hata hela ya vocha.

Kilichonibadilisha ni hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali ya Tanzania na yenyewe inakulipa riba. Benki Kuu inaziuza kwa mnada, kima cha chini milioni 1, unafungua akaunti kupitia benki yako au dalali aliyesajiliwa, na riba inaingia kila miezi sita kwenye akaunti yako mwenyewe, sio ya binamu. Mwaka 2021 nilisimamisha kutuma hela ya nondo nikanunua ya milioni 10 ya miaka 20, riba yake asilimia 15.49, kwa hiyo kila miezi sita inaingia 774,500. Bila kupiga simu. Bila kuambiwa fundi anaumwa. Mwaka uliofuata wakashusha riba za hatifungani mpya, ile ya miaka 20 ikawa 12.10, ila mi niliyenunua kabla sikuguswa, ndo uzuri wa riba isiyobadilika, na ndo ubaya wake pia kwa anayenunua wakati riba ziko chini.

Usije ukaweka zote huko lakini. Shilingi ina tabia zake. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Hiyo 15 inayokung'aria macho, sehemu yake inaliwa na kushuka kwa shilingi ukiihesabu kwa hela ya huku. Mi nimejiwekea utaratibu, nitakachotumia kwa shilingi nakiweka kwa shilingi, chakula, mafundi, ada za watoto wa dada, na kilichobaki kinakaa huku kwenye pensheni na kwenye ISA, akaunti ya huku ya kuweka akiba na kuwekeza, ndani yake mfuko wa indeksi ya dunia nzima, yaani unaonunua hisa kidogo kidogo za makampuni ya dunia nzima, wenye makato madogo, kila mwezi kidogo bila kuangalia bei. ISA haina kodi huku, ila ukishahama Uingereza huruhusiwi kuongeza, unaacha iliyomo iendelee.

Kwa dharura nina vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya nyumbani, kwenye mfuko wao wa Ukwasi. Mama alipolazwa nilitoa na ndani ya siku chache hela ikawa benki, ningekuwa na Mapinga tu ningeuza nini, dirisha?

La uraia nalisema haraka. Tanzania bado haina uraia pacha, ukichukua pasi ya Uingereza unaacha kuwa raia, na asiye raia kwa sheria ya ardhi ya 1999 hamiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania, kwa hiyo kabla hujaapa mbele ya picha ya mfalme, ongea na wakili kuhusu hivyo viwanja. Kuandikisha kwa jina la shemeji sio suluhisho, niulizeni mimi.

Na kuna fomu moja ya dakika tano, ya kuandika nani apewe pensheni yako ya kazini ukifa. Mwenzetu mmoja alifariki huku, sisi tukachanga kusafirisha mwili, na mke wake Morogoro hakujua kama kuna hela ya pensheni mpaka miezi tisa baadae alipokuta barua kwenye begi. Jaza, halafu mpigie mwenza wako umwambie jina la kampuni ya pensheni na aandike mahali.

Mapinga nimeanza tena, mwaka jana. Sitoi tena hela ya mshahara, natoa ile riba tu ikiingia, na bati nanunua mwenyewe kwa simu moja kwa moja dukani, binamu anapokea mzigo na kunitumia picha ya risiti. Riba mbili zimeshapaua upande wa vyumba. Sebule bado iko wazi, mbuzi yupo.